Alfie Shrubb, kibarua aliyefungiwa kwa sababu ya kulipwa

Sisi huku Ontario hatujambo, kazi zinaendelea, na baridi nayo inaendelea na kazi yake. Leo sina habari za boksi wala za theluji. Nataka kuwapa kisa cha historia, kisa cha Mwingereza mmoja aliyekuwa mkimbiaji bora wa mbio ndefu duniani zaidi ya miaka 100 iliyopita, na ambaye uzee wake aliumalizia katika mji mdogo wa Bowmanville, mashariki ya Toronto, si mbali na hapa ninapoishi.

Jina lake Alfred Shrubb. Wengi walimwita Alfie, na magazeti ya enzi zake yalimwita "Ajabu Ndogo", kwa sababu alikuwa mfupi na mwembamba. Nikiwauliza Wakanada ninaofanya nao kazi, hawamjui. Nikiwauliza Waingereza, nao hawamjui. Hata ninyi watu wa Arusha, ambao mkiamka alfajiri mnawaona wanariadha barabarani na majina ya wakimbiaji mnayataja kama majina ya majirani, nadhani hili ndilo mnalisikia leo. Basi kaeni mkao wa kusoma, maana kisa chenyewe kirefu kidogo na ndani yake kuna jambo linalotuhusu.

Shrubb alizaliwa tarehe 12 Desemba 1879 katika kijiji cha Slinfold, karibu na mji wa Horsham, jimbo la Sussex, kusini mwa Uingereza. Hakuzaliwa kwenye pesa. Alipokua akawa kibarua wa ujenzi, mtu wa kuamkia mjengoni na kurudi nyumbani jioni mgongo unauma. Hakuwa na kocha wala hakuwa amesoma kwenye zile shule za watoto wa mabwana, ambako michezo ilikuwa sehemu ya masomo.

Namna alivyogunduliwa inachekesha. Mwaka 1898 moto ulizuka eneo la Southwater, kama maili 3 kutoka Horsham. Siku hizo gari la zimamoto lilikuwa likivutwa na farasi. Kengele zikalia, farasi wakatoka mbio, na kijana Alfie, akiwa amevaa nguo za kazi na mabuti mazito, akatimka kulifuata gari ili akauone huo moto. Kumbe na mtu mwingine naye alikuwa analifuata kwa miguu, bwana mmoja aitwaye Harry Spencer, ambaye alikuwa nahodha wa klabu ya riadha ya hapo mjini, Horsham Blue Star Harriers. Nahodha akashangaa kumwona kijana wa mabuti hamwachii hata hatua. Akamkaribisha klabuni. Miaka michache tu baadaye kijana huyo akawa anawaburuza wakimbiaji wa Uingereza nzima.

Hebu tazameni hesabu yake. Ubingwa wa taifa wa mbio za nyika wa Uingereza aliuchukua mara 4 mfululizo, 1901 hadi 1904. Ubingwa wa chama cha riadha wa maili 4, mara 4 mfululizo, miaka hiyo hiyo. Ubingwa wa maili 10, mara 4 mfululizo, miaka hiyo hiyo tena. Kama vile hiyo haitoshi, mwaka 1903 na 1904 akachukua na ubingwa wa maili 1, mbio ambazo kwa kawaida si za watu wa mbio ndefu. Mtu anayeweza kukushinda maili 1 na pia akushinde maili 10, huyo umkimbilie wapi?

Mwaka 1903 yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya kimataifa ya mbio za nyika, huko Hamilton, Uskoti. Nchi zilizoshiriki zilikuwa 4 tu: Uingereza yenyewe, Uskoti, Ayalandi na Wales. Aliyeshinda ni Shrubb. Mwaka uliofuata yakarudiwa, akashinda tena. Nawaomba mkumbuke mashindano haya, nitayarudia huko mbele, maana yana uhusiano na sisi.

Alikuwa na namna yake ya kukimbia. Wakati ule wengi waliamini mbio ndefu ni za kwenda kwa mwendo mmoja, mtu unatunza nguvu hadi mwisho. Shrubb alikuwa akitoka mbele mapema, na akiwa katikati ya mbio anachomoka ghafla, anapunguza, halafu anachomoka tena. Anayemfuata hajui amfuate au amwache. Akimfuata anakata pumzi, akimwacha ndiyo basi tena. Vilevile alikuwa na tabia ya kufanya mazoezi mara mbili kwa siku, jambo ambalo leo ni la kawaida lakini zama zile wengi walidhani litamchosha mtu bure.

Sasa tuje kwenye mwaka wake mkubwa, 1904. Mwezi Juni, mjini Glasgow, alikimbia maili 2 kwa dakika 9 na sekunde 9.6. Rekodi hiyo ilikaa miaka 22, ikaja kuvunjwa mwaka 1926. Halafu tarehe 5 Novemba, kwenye uwanja wa Ibrox hapo hapo Glasgow, uwanja ule ule wa timu ya Rangers, akafanya maajabu. Ndani ya mbio moja alivunja rekodi zote za wakimbiaji wa ridhaa kuanzia maili 6 hadi maili 11. Mita 10,000 alizipita kwa dakika 31 na sekunde 2.4. Maili 10 alizipita kwa dakika 50 na sekunde 40.6, na hapo alikuwa amewapita hata wakimbiaji wa kulipwa, ambao rekodi zao ziliandikwa kwenye daftari tofauti. Hakusimama, akaendelea mpaka saa moja ikatimia. Alipopimwa alikuwa amekwenda maili 11 na yadi 1,137, yaani mita 18,742, rekodi ya dunia ya ridhaa ya kukimbia saa moja.

Kwa wale mliozoea uwanja wa mita 400, hiyo ni karibu mizunguko 47, kila mzunguko kwa sekunde 77 hivi, bila kupumzika, kwenye njia ya vumbi la makaa na kwa viatu vya mwaka 1904. Jaribuni mzunguko mmoja tu kesho asubuhi halafu mje mniambie. Rekodi ya saa moja ilidumu hadi 1913 alipokuja Mfaransa Jean Bouin akafikisha mita 19,021. Ile ya maili 10 ilidumu hadi 1928, ikavunjwa na Paavo Nurmi wa Ufini, mtu aliyekuwa na medali 9 za dhahabu za Olimpiki.

Na hapo ndipo mtauliza, je, Shrubb alikuwa na medali ngapi za Olimpiki? Jibu ni sifuri.

Mwaka ule ule wa 1904, akiwa hakamatiki, Michezo ya Olimpiki ilifanyika St. Louis, Marekani. Uingereza haikupeleka timu. Kamati yake ya Olimpiki ilikuwa haijaundwa, iliundwa mwaka uliofuata, 1905. Kibarua wa Horsham angetoa wapi nauli ya kuvuka bahari mwenyewe? Kwa hiyo Olimpiki ya kwanza ikampita. Olimpiki iliyofuata ilikuwa London, mwaka 1908, nyumbani kwake kabisa, wala nauli ya meli haikuhitajika. Lakini kufikia hapo alikuwa amekwisha kufungiwa.

Hapa inabidi nieleze habari za ridhaa, maana bila kuzijua hamtaelewa kosa lake ni nini.

Katika Uingereza ya karne ya 19, watu wenye nafasi zao waliamini mchezo ni jambo la muungwana. Muungwana anakimbia kwa sababu anapenda, hakimbii kwa sababu ya pesa. Miaka ya 1860 klabu yao kubwa ya London iliandika sheria ikieleza nani ahesabiwe mwanariadha wa ridhaa. Ndani ya sheria hiyo walizuiwa wale waliokimbilia pesa, na pia wakazuiwa mafundi, watu wa kazi za mikono na vibarua. Yaani hata kama hujawahi kulipwa senti moja kwa kukimbia, mikono yako kuwa na sugu ilitosha kukufukuza uwanjani. Mwaka 1880, kilipoanzishwa chama cha riadha cha taifa katika mji wa Oxford, kifungu hicho cha vibarua kikaondolewa. Tuwape haki yao, hiyo ilikuwa hatua, na bila hatua hiyo Shrubb asingekimbia kabisa. Ila ile sehemu ya pesa ilibaki pale pale. Ukilipwa, umekwisha.

Sasa nawaomba mfikirie kidogo kama wabeba boksi, maana sisi huku tunalielewa jambo hili bila kuelezwa. Mimi nalipwa kwa saa. Siku nisiyokwenda kazini, siku hiyo haina mshahara, uwe ni ugonjwa, msiba au harusi. Kibarua wa mjengo wa mwaka 1902 alikuwa hivyo hivyo. Mtoto wa tajiri akienda Glasgow kukimbia siku tatu, mashamba ya baba yake yanaendelea kuzaa. Alfie akienda Glasgow siku tatu, siku tatu hizo hana kitu, na bado ale, alale mahali, apande treni. Sheria ni moja kwa wote wawili. Inawaambia wote wawili wasipokee pesa. Lakini mmoja wao tu ndiye inayemgharimu.

Na wakati huo huo pesa zilikuwepo. Watu walikuwa wanalipa kiingilio kumwona Shrubb. Waandaaji walilijua jina lake lina bei, wakalichapisha kwenye matangazo. Mwanzoni mwa 1905 alialikwa Australia na New Zealand, safari ya meli ya wiki nyingi, akaenda kukimbia huko akiwa bado anahesabiwa mtu wa ridhaa. Kibarua aliyeacha kazi kwa miezi kadhaa aishi kwa nini? Aliyeuza tiketi alipata haki yake. Aliyekimbia ndiye aliyekatazwa kupata.

Mwaka 1905 chama cha riadha kikamfungia maisha kwa kupokea malipo. Alikuwa na umri wa miaka 25 tu. Sitaki kumfanya malaika. Sheria ilikuwepo, ilijulikana, na wapo wengi waliokuwa wakipokea bahasha chini ya meza kwa namna hiyo hiyo. Kilichonigusa ni kwamba hakuna aliyesema Shrubb alidanganya katika mbio. Hakukata njia, hakupanga matokeo, hakumsukuma mtu. Saa ilikuwa ya kweli na maili zilikuwa za kweli. Kosa lake lote lilikuwa ujira.

Akaamua basi kuwa mkimbiaji wa kulipwa waziwazi. Lakini ulimwengu wa mbio za kulipwa haukuwa kama huu wa leo wenye wadhamini na mikataba mizuri. Ulikuwa karibu na sarakasi. Shrubb alikimbia dhidi ya timu za watu wanaopokezana, yaani yeye mmoja anakimbia mfululizo, wapinzani wanabadilishana wakiwa hawajachoka. Alishindana na farasi, maili 10. Bingwa wa dunia wa nyika, mtu mwenye rekodi za maili 2 hadi saa moja, akawa anakimbizana na mnyama ili watazamaji wapate kitu cha kuwekea dau.

Ilipofika 1908 London ikaandaa Olimpiki. Kulikuwa na mbio za maili 5. Mshindi alikuwa Mwingereza mwenzake, Emil Voigt, aliyetumia dakika 25 na sekunde 11.2. Voigt alikuwa mkimbiaji mzuri na ushindi wake ni wa haki. Lakini Shrubb alikuwa amekimbia umbali huo huo mwaka 1904 kwa dakika 24 na sekunde 33.4. Tofauti ya karibu sekunde 38 katika maili 5 ni kitu kinachoonekana kwa macho, mmoja amemaliza na mwenzake bado yuko mbali. Siwezi kusema angeshinda, maana mbio hazikimbiwi kwenye karatasi. Ninachosema ni kwamba hakuruhusiwa kujaribu.

Kwa wakati huo Alfie alikuwa ameanza kuja huku Amerika ya Kaskazini, Kanada na Marekani, ambako mbio za kulipwa zilikuwa zimepamba moto. Na hapa ndipo alipokutana na mpinzani wa maisha yake, Tom Longboat.

Longboat ni mtu ambaye huku Kanada wanamjua zaidi. Alikuwa wa kabila la Onondaga, watu wa asili wa nchi hii, kutoka hifadhi ya Six Nations hapa hapa Ontario. Mwaka 1907 alishinda Boston Marathon, na mwaka 1908 aliingia Olimpiki ya London lakini akaanguka njiani kwenye marathon. Mwishoni mwa mwaka huo akawa wa kulipwa. Magazeti ya Toronto yalikuwa yakimsifu akishinda, akishindwa yanamwita mvivu na kumtukana kwa asili yake. Mkataba wake ulikuja kuuzwa na msimamizi wake kwa mtu mwingine, kama mtu anavyouza baiskeli.

Tarehe 5 Februari 1909 wawili hawa walikutana New York, ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden, marathon nzima ya maili 26 na ushei, wakizunguka ndani ya jengo. Shrubb akafanya vile alivyozoea. Alitoka kama mshale akamwacha Longboat mizunguko kadhaa. Umati ulidhani mambo yamekwisha. Longboat akaendelea kwa mwendo wake ule ule, taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, akila lile pengo kidogo kidogo. Baada ya maili 24 miguu ya Shrubb ikakataa. Longboat akampita, Shrubb akashindwa kuendelea, Longboat akamaliza peke yake.

Walikutana mara 10 kwa jumla katika miaka ile. Matokeo yake ni kama mtu ameyapanga kwa rula: mbio zote zilizokuwa chini ya maili 20 alishinda Shrubb, na zote zilizokuwa ndefu zaidi ya hapo alishinda Longboat. Kila mmoja alikuwa na mpaka wake na mwenzake aliujua. Mimi nikiwafikiria wawili hawa naona kibarua wa Sussex na mtoto wa hifadhi ya Wahindi Wekundu, wote wawili walioingia uwanjani kupitia mlango wa nyuma, wakiwatajirisha watu waliokuwa wamekaa kwenye viti. Baadaye Longboat alikwenda Vita Kuu ya Kwanza kama mpeleka ujumbe kwa miguu huko Ufaransa. Aliporudi akawa mfanyakazi wa usafi wa jiji la Toronto. Alifariki mwaka 1949.

Shrubb naye maisha yakaendelea. Mwaka 1908 aliwahi kuwafundisha wakimbiaji wa nyika wa Chuo Kikuu cha Harvard. Aliandika pia vitabu vya kufundisha mbio ndefu na mazoezi yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza akapata kazi nyingine ya ukocha, na hii ndiyo inayonifanya nitikise kichwa kila nikiikumbuka. Aliajiriwa kuwa kocha wa kwanza wa kulipwa wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oxford.

Oxford, ndugu zangu. Mji ule ule ambako mwaka 1880 kilianzishwa chama kilichomfungia. Kulipwa kwa kukimbia ilikuwa aibu, lakini kulipwa kwa kuwafundisha watoto wa wakubwa kukimbia ilikuwa sawa. Wanafunzi wake walikuwa na ruhusa ya kushindana popote. Mwalimu wao, ambaye rekodi yake ya maili 10 ilikuwa bado haijavunjwa na mtu yeyote duniani, hakuwa na ruhusa.

Mwaka 1928 akahamia Kanada moja kwa moja, akatulia Bowmanville. Kwa hiyo naye alikuwa mwenzetu, mhamiaji, mtu aliyefungasha mizigo akiwa na miaka karibu 49 kwenda kuanza upya ugenini. Mwaka huo huo Nurmi akaivunja ile rekodi yake ya maili 10. Mwaka 1953 wakuu wa riadha wakamrudishia hadhi yake ya ridhaa. Alikuwa na miaka 73. Miaka 48 ilikuwa imepita tangu afungiwe. Mtu wa miaka 73 ataitumia wapi hadhi hiyo, sijui. Alifariki tarehe 23 Aprili 1964 akiwa na miaka 84, na mji ule umewahi kuandaa mbio za barabarani zenye jina lake.

Sasa nirudi kwenye yale mashindano ya nyika niliyowaomba mkumbuke. Yale ya 1903 yaliendelea kukua, nchi zikaongezeka, na kuanzia 1973 yakachukuliwa na shirikisho la riadha la kimataifa yakawa mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Hayo ndiyo ambayo Wakenya walikuja kuyageuza kuwa shamba lao. Timu yao ya wanaume ilishinda miaka 18 mfululizo, 1986 hadi 2003. John Ngugi alishinda mara 5 na Paul Tergat mara 5. Ukilifuata jina la kwanza kabisa kwenye orodha ile ndefu, chanzo cha mto wote ule, unamkuta kibarua wa Slinfold.

Na ile sheria iliyomfungia Shrubb haikufa mapema. Iliwafikia hata watu wetu. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alikuwa anakimbia chini ya utaratibu huo huo wa ridhaa. Naye alikuwa mtu wa kutoka mbele tangu mwanzo, kama Shrubb. Naye Olimpiki ya miaka yake bora ilimpita kwa uamuzi wa wengine, maana mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika zilisusia Montreal, yetu ikiwemo. Ni mpaka 1982 ndipo shirikisho la kimataifa lilipoanza kuruhusu wanariadha wawekewe pesa katika mifuko maalumu. Mwaka 2001 neno "ridhaa" likaondolewa kwenye jina la shirikisho lenyewe. Na kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, kila bingwa wa riadha alipewa dola 50,000, hadharani, bila bahasha. Kitu kilichomfukuza Shrubb uwanjani kikawa sasa kinatangazwa na wenye uwanja wenyewe.

Kwa nini nimewaandikia haya yote? Kwa sababu ule usemi bado upo. Nausikia mkizungumza habari za wanariadha wetu, kwamba huyu anauliza posho kabla ya kambi, yule anadai zawadi yake, hawana uzalendo, wa zamani walikimbia kwa moyo. Ni kweli wa zamani walikimbia kwa moyo. Lakini moyo haukuwalipia nauli. Mara nyingi anayesema "kimbia kwa mapenzi" ana mshahara wake mwisho wa mwezi, na anayeambiwa hivyo ndiye ameacha kulima ili afanye mazoezi.

Simaanishi pesa haiharibu michezo. Inaharibu, tumeona madawa, tumeona matokeo yaliyonunuliwa, na hayo yapigwe vita. Ila kudanganya ni jambo moja na kulipwa kwa jasho lako ni jambo lingine, na waliomfungia Shrubb waliyaweka yote kwenye kapu moja. Sisi tunaotuma pesa nyumbani kila mwezi, na ninyi mnaozipokea zikalipa ada na bati, hatuna haki ya kuliona jasho la mwanariadha kuwa halina bei.

Mwaka 2020 Mo Farah, Mwingereza aliyezaliwa Pembe ya Afrika, alikimbia saa moja huko Brussels akafika mita 21,330. Amempita Shrubb kwa mita 2,588. Hizo ndizo mita zilizopatikana kwa miaka 116 ya viatu bora, viwanja bora, sayansi ya chakula na makocha, na kwa mwanariadha kuruhusiwa kuifanya mbio kuwa kazi yake. Mimi nikiziangalia naona ni chache kuliko nilivyotegemea.

Wasalimieni wote hapo nyumbani, wazee kwa vijana. Na kama kuna kijana hapo anayeamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia kabla ya kwenda kibaruani, mwambieni habari za Alfie Shrubb, halafu muulizeni kama viatu vyake bado vinafaa.

Tuonane tena Mungu akipenda.